Sura ya Tano: Wenzako Wameshavaa

Waliopata kumwona Mwalimu Nyerere kwa karibu waliyakumbuka meno yake ya mbele. Yalikuwa yamechongwa hadi yakawa na ncha, kwa desturi ya Wazanaki wa Butiama. Hakuna redio iliyomshawishi, wala bango la barabarani, wala msanii aliyelipwa ili amwambie kwamba meno ya namna hiyo ndiyo yanayopendeza. Wa rika lake walichongwa, naye akachongwa. Kuchongwa meno kunauma, lakini mahali ambapo wote wana meno ya ncha, anayeteseka zaidi ni yule aliyebaki na ya kwake mazima.

Naanza na meno hayo kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu vijana na vyombo vya habari karibu kila mara huanzia pabaya. Tunasema kana kwamba kabla ya televisheni na simu kijana wa mkoa wa Mara alikuwa mtu aliyejiamulia mambo yake, kisha matangazo yakaja kutoka mjini na ng'ambo yakamharibu. Mzee anayemlaumu mjukuu wake kwa kunyoa kiduku huenda mwenyewe ana alama mwilini ambazo hakuzichagua. Mkataa wengi ni mchawi, walisema wahenga, na katika nchi ambayo mtu anaweza kupoteza maisha kwa kuitwa mchawi, huo si usemi mwepesi.

Ukishuka kutoka Butiama kuelekea ziwani unafika Mugango, kata ya Musoma Vijijini, ambako Kikwaya, Kijita na Kiruri husikika pamoja na Kiswahili. Mwaka 1936 wamisionari wa Kimennonite kutoka Marekani, ambao kituo chao cha kwanza kilikuwa Shirati mwaka 1934, walifungua kituo Mugango. Wengi wao walitoka Lancaster, Pennsylvania, kwenye makanisa ambamo wanaume walivaa koti lisilo na kola ya kukunja na wanawake walifunika nywele kwa kitambaa cheupe. Kwao fasheni ilikuwa mtego wa dunia, na mavazi yao yalishonwa makusudi ili yasifuate mtindo wowote. Lakini nguo zilizokataa mtindo nazo ziligeuka kuwa sare. Ulimtambua Mmennonite wa Lancaster kutoka mbali kwa sababu alifanana na Mmennonite mwenzake. Siwabezi hata kidogo, maana shule na huduma za tiba walizoleta upande huu wa ziwa zilikuwa za kweli. Ninachosema ni kwamba binadamu wa umri ule, awe amezaliwa Butiama au Pennsylvania, anatafuta kwanza kujua wenzake wamevaa nini.

Tangazo la biashara linaanzia kazi yake hapo. Halina haja ya kupanda tamaa mpya moyoni mwa mtoto wa miaka kumi na tano. Linachukua hofu aliyo nayo tayari, ile ya kuonekana mshamba mbele ya wenzake, na kumwonyesha bidhaa inayoiondoa. Kampuni inayojua kazi yake haimwambii kijana, “Nunua.” Inamwambia, “Wenzako wameshavaa.” Nikisema hivyo kuna mzazi atakayeniuliza: basi wa kulaumiwa ni nani, kampuni au hao wenzake? Sura hii inajaribu kuonyesha kwamba kampuni zimejifunza kuwaajiri hao wenzake, tena bila mshahara.

Tanzania iliwahi kupambana na jambo hili kwa nguvu kubwa, na tulipaswa kujifunza zaidi kutokana na mapambano hayo. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga marufuku vimini, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua. Operesheni Vijana, kama ilivyoitwa, ilipangwa kuanza Dar es Salaam tarehe 1 Januari 1969. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Nchi ilikuwa na miaka saba tangu uhuru, Azimio la Arusha lilikuwa limepita mwaka uliotangulia, na viongozi waliwaona wasichana wa mjini wakivaa nguo iliyopata umaarufu London, nguo waliyoijua kupitia sinema za Empress na Avalon na kurasa za magazeti yenye picha. Waliuliza swali halali: taifa linalojaribu kujitegemea linajitegemeaje ikiwa hata urefu wa sketi unaamuliwa Ulaya?

Jibu lao likawa fimbo. Vijana wengine hawakusubiri hata hiyo Januari. Mara azimio lilipotangazwa, makundi yaliwavizia wanawake kwenye vituo vya mabasi vya Kariakoo, yakawazomea na kuwashambulia mchana kweupe, hadi polisi wakaitwa kuyatawanya. Magazeti yalijaa barua za wasomaji. Wengine waliunga mkono, wengine waliuliza kwa nini sketi fupi ni ya kigeni na suti ya bwana mkubwa si ya kigeni, na wengine walitaka waambiwe hayo mavazi ya taifa ni yapi hasa.

Wafikirie wale vijana wa Kariakoo. Kila mmoja wao, akiwa peke yake, asingemgusa yule dada aliyekuwa akisubiri basi. Walipokuwa ishirini, waliweza. Azimio lililotungwa ili kuwakomboa vijana kutoka katika kuiga liliwapa mkumbo mwingine wa kufuata, mkali kuliko ule wa kwanza. Na halikufanikiwa: miaka ya sabini ilipoingia, vijana wa Dar es Salaam walikuwa na bugaluu miguuni na raizoni chini yake, nywele zimetimka. Viongozi nao walikuwa wanafanana katika suti zao za Chu En Lai, na karani aliyetaka kuonekana mtiifu alikwenda kwa fundi kushonewa ya kwake. Sheria inaweza kuondoa nguo sokoni. Haja ya kufanana na wenzio haiondoi.

Muda mrefu baada ya hapo mlango wa matangazo ulibaki wazi kidogo tu. Idhaa ya Biashara ya Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na matangazo, lakini maduka yenyewe mara nyingi yalikuwa matupu, na tangazo la kitu kisichopatikana halina nguvu. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu 1973. Bara haikuwa nayo hadi 1994, ITV ilipoanza. Mwaka huohuo Radio One ikaingia hewani na mashindano ya Miss Tanzania, yaliyokuwa yamezuiwa tangu miaka ya sitini, yakarudi. Kijana aliyezaliwa Mugango mwaka 1980 alikua na ulimwengu wa aina moja hadi akawa na miaka kumi na minne, kisha akapewa mwingine.

Lakini namna gani tangazo la Dar es Salaam linamfikia mtoto wa Mugango? Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana, maana wengi tunaamini kwamba asiye na televisheni wala simu janja yuko salama. Tazama njia zenyewe. Duka limepakwa rangi ya kampuni ya simu kutoka msingi hadi paa, na mwenye duka hakutoa senti kwa rangi hiyo. Friji limetoka kwa kampuni ya soda, likiwa na picha za vijana wanaocheka pamoja. Hutaona picha ya kijana anayekunywa soda peke yake. Kwa kinyozi kuna bango la vichwa vyenye namba, na mteja hasemi anataka kunyolewaje, anataja namba. Bodaboda ina spika. Kibanda umiza kinaonyesha mechi za Ulaya wikendi na muvi zilizotafsiriwa siku nyingine, na kiingilio ni kidogo kiasi kwamba anayebaki nje ni asiye na kitu kabisa.

Kisha kuna mwalo wa wavuvi. Kijana aliyeacha shule akaenda kuvua dagaa usiku ana fedha mkononi asubuhi, na yeye ndiye wa kwanza kuvaa jinzi za modo, wa kwanza kuwa na simu, wa kwanza kuweka wimbo mpya. Wanafunzi wa sekondari wanamtazama. Kwa hao, yeye ndiye televisheni. Anaporudi jamaa aliyekuwa Mwanza au Dar es Salaam kwa Krismasi, matangazo ya mwaka mzima yanaingia kijijini yakiwa ndani ya nguo zake.

Kuna utafiti uliothibitisha jambo hili mahali palipo mbali sana nasi. Mwaka 1995 televisheni ilifika Nadroga, eneo la nchi ya visiwa ya Fiji, ambako kwa desturi mwili ulionona ulikuwa heshima, kama ulivyokuwa kwa bibi zetu wengi. Anne Becker, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliwapima wasichana wa sekondari wiki chache baada ya televisheni kuingia, kisha akapima wengine wa umri huohuo mwaka 1998. Waliokuwa na dalili za kuvurugikiwa na ulaji walikuwa asilimia 12.7 mara ya kwanza. Mara ya pili walikuwa 29.2. Mwanzoni hakukuwa na msichana aliyesema anajitapisha ili apungue. Miaka mitatu baadaye walikuwa asilimia 11.3. Walisema wazi kwamba walitaka kufanana na wanawake wa kwenye tamthilia.

Hayo yanajulikana na yananukuliwa sana. Lisilonukuliwa vya kutosha ni utafiti mwingine wa Becker na wenzake, uliochapishwa mwaka 2011. Safari hii walitenganisha mambo mawili: msichana mwenyewe anatazama kiasi gani, na rafiki zake wanatazama kiasi gani. Walikuta kwamba kutazama kwa rafiki zake kulihusiana na matatizo yake hata baada ya kuhesabu kutazama kwake mwenyewe. Kwa maneno mengine, msichana asiye na televisheni nyumbani hakuwa amejificha popote. Picha ilimfikia kupitia mdomo wa rafiki yake, kupitia jicho la rafiki yake likimpima kiuno. Mzazi wa Mugango anayejivunia kwamba hajamnunulia binti yake simu anapaswa kuuliza pia nani anakaa naye dawati moja.

Huko Lamu, Kenya, katika miaka ya themanini, mwanaanthropolojia Minou Fuglesang alikaa na wasichana waliokuwa wakikusanyika majumbani kutazama video za Kihindi. Aliandika kitabu juu yao, Veils and Videos, kilichotoka 1994. Wasichana wale walitazama pamoja, wakachambua pamoja nguo na nywele na mapenzi ya wahusika, na mtindo ulioshonwa baadaye ulikuwa umepita kwanza kwenye baraza lao. Filamu ilileta malighafi. Kundi ndilo lililoamua kipi kivaliwe. Nitarudi kwa Fuglesang, kwa sababu alifanya jambo kubwa zaidi nchini kwetu.

Sasa tuzungumze juu ya jezi, maana hakuna vazi linalovaliwa zaidi na wavulana wa Mara kuliko hilo.

Mwaka 2017 kampuni ya kubeti ya SportPesa iliingia Tanzania. Haikuchagua kati ya Simba na Yanga. Ilizidhamini zote mbili. Kwa miaka karibu mitano watani wa jadi walikutana uwanjani, wekundu kwa kijani na njano, nchi ikiwa imegawanyika hadi ndani ya nyumba, na kifuani pao wote neno lilikuwa moja. Tarehe 13 Julai mwaka huo kampuni ileile iliileta Everton ya Uingereza kwenye Uwanja wa Taifa kucheza na Gor Mahia ya Kenya. Everton ilishinda 2-1, Wayne Rooney akafunga kwa shuti la mbali, na watoto wa nchi nzima wakalizungumza bao hilo. Everton ilivaa SportPesa. Gor Mahia nayo ilidhaminiwa na SportPesa. Simba ilipoachana nayo mwaka 2022, nafasi ile ya kifuani ilichukuliwa na M-Bet, kampuni nyingine ya kubeti.

Huu ndio ustadi ninaotaka msomaji auone. Kijana wa Mugango anaamini amefanya uamuzi mkubwa wa maisha yake alipochagua Simba au Yanga. Atagombana, atacheka, atalia kwa ajili ya uamuzi huo. Amejitofautisha na kaka yake. Kumbe aliyelipia jezi zote mbili hajali hata kidogo amechagua ipi. Ameachiwa uhuru wote wa kuchagua rangi, na neno lililoandikwa juu ya rangi hiyo halikuwekwa mezani kuchaguliwa. Azimio la 1968 lilimwambia kijana asivae, naye akavaa. Jezi haikumwambia chochote, naye akaivaa na kuilipia na kutembea nayo barabarani kama bango lenye miguu.

Sheria inasema asiyefikisha miaka 18 haruhusiwi kucheza kamari. Lakini mkeka wa kubeti haujazwi mbele ya hakimu, unajazwa kwenye kibanda umiza huku wenzako wakichungulia begani, simu ikiwa ya mmoja na fedha zikiwa za watano. Mwaka 2005 watafiti wawili wa Marekani, Margo Gardner na Laurence Steinberg, waliwapa watu wa umri tofauti mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta, wengine wakiwa peke yao na wengine rafiki zao wakitazama. Watu wazima hawakubadilika, rafiki awepo asiwepo. Vijana wa miaka 13 hadi 16 walijihatarisha zaidi sana mara tu rafiki walipokuwepo. Sasa mweke kijana wa umri huo mbele ya mechi, na fedha ya dagaa mfukoni, na wenzake wanne wakisema timu ya leo haifungwi. Mkeka ukichanika hakuna anayemcheka, kwa sababu yao yote imechanika pamoja. Kufilisika kwa pamoja kunaleta faraja yake, na faraja hiyo inamrudisha Jumamosi ijayo.

Wasanii nao wanafanya kazi hiyohiyo kwa njia laini zaidi. Mwaka 2017 Diamond Platnumz alitoa manukato, Chibu, na karanga zenye jina lake. Karanga! Bidhaa ambayo mama wa Mugango huikaanga na kuiuza kwa kikombe mbele ya shule. Karanga ya kwenye pakiti haina ladha ambayo ya mama haina, ila ina mtu juu yake. Simlaumu msanii kwa kufanya biashara. Alitoka Tandale akiwa hana kitu, na alijenga kampuni iliyoajiri watu. Ninaonyesha tu kilichouzwa ni nini.

Upande wa wasichana bei ni kubwa zaidi, na inalipwa kwa ngozi. Krimu za kujichubua zilikuwemo kwenye orodha ya 1968, na bado zipo. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku na serikali, vinakamatwa na kuteketezwa mara kwa mara, na mkorogo unaendelea kukorogwa kwa sababu video inapoonyesha mwanamke wa kupendwa inamwonyesha mweupe, na filta ya simu inamng'arisha hata asiyeomba. Msichana wa kidato cha tatu hajasoma tangazo lolote la mkorogo. Ameona tu nani anasifiwa. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, wakiongozwa na Lauren Sherman, walionyesha vijana 32 wa miaka 13 hadi 18 picha zenye alama nyingi au chache za kupendwa, huku ubongo wao ukipigwa picha. Picha ileile, ikionekana imependwa na wengi, ilipendwa zaidi nao, na sehemu ya ubongo inayopokea raha iliamka. Hawakuwa wanaitazama picha peke yake. Walikuwa wanatazama wenzao wameona nini.

Je, nguvu hii haiwezi kutumika vingine? Tanzania ina jibu, na ni jibu la kujivunia.

Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa redio ulioitwa Twende na Wakati. Alikuwemo Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njiani, na mkewe Tunu aliyevumilia hadi akachoka kuvumilia, na Fundi Mitindo, mwenye cherehani yake na busara zake. Nia ilikuwa kuzungumzia uzazi wa mpango na UKIMWI. Jambo lililoufanya mchezo huo ujulikane kwa wasomi duniani ni Dodoma: kituo cha kurushia matangazo cha huko hakikuurusha hadi 1995, hivyo watafiti wakiongozwa na Everett Rogers na Peter Vaughan waliweza kulinganisha waliosikia na wasiosikia. Waliosikia walibadilika zaidi, na Dodoma nayo ilipofunguliwa ikaanza kubadilika. Watafiti walikuta pia kwamba mchezo ulifanya kazi kwa kuwafanya watu wazungumze, mke na mume, rafiki na rafiki. Redio ilitoa hadithi na baraza likaimaliza, kama kule Lamu.

Fuglesang, aliyekuwa amewatazama wasichana wa Lamu, alielewa somo hilo. Mwaka 1999 alianzisha Femina HIP Dar es Salaam, na gazeti la Fema likaanza kusambazwa bure kwenye shule za sekondari nchi nzima, hadi zile za kata. Shule zikaunda klabu za Fema. Gazeti lilikuwa na rangi na picha na wasanii, likavaa mavazi yaleyale ya matangazo, lakini vijana waliokuwa kwenye kurasa walizungumzia mimba, kondomu, biashara ndogo, kukataa. Wapo wazazi waliolalamikia uwazi wake. Mimi naona kazi yake kubwa ilikuwa klabu yenyewe kuliko kurasa.

Sababu yangu iko katika majaribio ya miaka ya hamsini ya Solomon Asch, Marekani. Mtu aliwekwa pamoja na wengine wakaulizwa mstari upi unalingana na upi. Jibu lilikuwa wazi, lakini wale wengine walikuwa wamepangwa waseme uongo. Robo tatu ya waliojaribiwa walikubali uongo angalau mara moja, macho yao yakiona ukweli. Matokeo hayo hufundishwa kila mahali. Linalosahaulika ni kwamba Asch alipomweka mtu mmoja tu wa kusema kweli kando ya mjaribiwa, makosa yalipungua hadi robo ya awali. Mjaribiwa hakuhitaji wengi. Alihitaji mwenzake mmoja. Mtoto wa Mugango anayeambiwa na mzazi “usifuate mkumbo” anaambiwa asimame peke yake, jambo ambalo watu wazima wachache wanaliweza. Mtafutie mwenzake wa pili, na umempa silaha ya kweli.

Na kuna jambo moja zaidi la kumpa, nalo ni habari za anayevuta kamba. Mwaka 1998 jimbo la Florida lilianzisha kampeni dhidi ya sigara iliyobuniwa pamoja na vijana wenyewe. Haikuwaambia kwamba sigara inaua. Hilo walilijua na halikuwazuia. Iliwaambia kwamba wakubwa wa kampuni za tumbaku wanakaa vikaoni kupanga namna ya kuwanasa. Katika miaka miwili uvutaji wa sigara ulipungua kwa asilimia 40 miongoni mwa wanafunzi wa shule za kati na 18 miongoni mwa wa sekondari za juu. Vijana wale hawakuacha kutaka kufanana. Walibadilisha tu kitu cha kufanana nacho: sasa mshamba alikuwa yule aliyekubali kuchezewa na wazee wa kampuni.

Somo hilo halihitaji fedha za Florida. Mwalimu wa uraia wa sekondari ya kata anaweza kuwatoa wanafunzi wake darasani saa moja, wapite kwenye kuta za maduka kuanzia barabarani hadi mwaloni, wahesabu kila nembo, na kwa kila nembo waandike: nani alilipia rangi hii, na anatarajia irudi kutoka mfukoni kwa nani? Wakirudi darasani wageukie jezi walizovalia michezoni.

Watakapofika kwenye jezi, waambiwe hili pia. Uingereza, tangu 2007, kampuni za kubeti zimekubaliana kwamba jezi za saizi za watoto zisiwe na nembo zao. Mtoto wa jiji la Liverpool aliyenunuliwa jezi ya Everton dukani, miaka ileile ya SportPesa, aliipata bila neno hilo kifuani. Aprili 2023 klabu za Ligi Kuu ya huko zilikubaliana kuziondoa nembo za kubeti mbele ya jezi hata za wachezaji, ifikapo mwisho wa msimu wa 2025/26. Jezi za kuiga zinazotandazwa magulioni Musoma, Bunda na Butiama, za saizi ya mtoto wa miaka saba, zina nembo kamili. Klabu zetu na wenye ligi yetu wanaweza kuchapa jezi ya mtoto isiyo na jina la kamari msimu ujao, bila kungoja sheria mpya, na wazazi wa Mara wana haki ya kuidai kwa majina ya klabu wanazozishangilia.